Mbio za Msituni Wakati wa Kipupwe: Ya Kuangalia Kabla Hujaita Watu

Kila anayenijia na wazo la kuandaa mbio za msituni Ngezi, hifadhi yetu ya huku Pemba, huanzia kwenye medali. Zichongeshwe wapi, fulana ziwe rangi gani, mgeni rasmi awe nani. Namwacha amalize, kisha namwuliza: mtu wako wa mwisho atarudi saa ngapi, na akirudi atamkuta nani? Wengi hapo hunyamaza. Mbio za watu arobaini ni kama shughuli ya nyumbani, na mshindi wake hakuhitaji hata kidogo. Huyo anamaliza chai haijachemka. Unaowaandalia ni wale wawili watatu wa nyuma, pamoja na kijana uliyemsimamisha njia panda na bendera tangu alfajiri.

Wakati mzuri wa mbio hizi kwetu Pemba ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Masika yamepita, kusi limeshika, na ndani ya msitu hakuna lile fukuto la Februari linalomkaba mtu pumzi. Lakini kipupwe kina hila yake. Usiku joto hushuka mpaka nyuzi 21 hivi, na mtu wa milimani Makete akisikia tunaita hiyo baridi atacheka. Na acheke. Huyo hajasimama pwani ya Vumawimbi saa 1 asubuhi, fulana imelowa jasho na manyunyu, upepo unampita mbavuni na tumboni hamna kitu. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo nguo iliyolowa inakupora joto lako huku umeivaa. Anayekimbia hahisi, maana misuli yake ndiyo jiko. Akiteguka kifundo, jiko limezimika na nguo ni ile ile.

Sisemi kwamba kuna mtu ataganda Ngezi. Hakuna. Lakini mkasa wa Gansu, nchini China, unafaa kukumbukwa na kila anayeandaa mbio, hata za kijijini. Tarehe 22 Mei 2021 watu 172 walianza mbio za kilomita 100 milimani. Mchana hali ya hewa ikageuka: mvua, mvua ya mawe, upepo mkali. Wakafariki 21. Jaketi la kukinga upepo halikuwa sharti, na wengi walikuwa na fulana na kaptura tu. Sita waliokolewa na mchunga kondoo aliyekuwa amejificha pangoni, akawaingiza na kuwawashia moto. Kila nikikaa kupanga mbio zetu humkumbuka huyo mchungaji. Hakuwa kwenye kamati, wala hakuwa na fulana ya mbio. Alijua pa kujisitiri, basi.

Kwa hiyo la kwanza, nguo kavu isiwe hiari. Kila mkimbiaji aje na mfuko wa nguo za kubadilisha, ulioandikwa jina, uachwe kwenye darasa la skuli unaloomba kwa mwalimu mkuu. Darasa moja la wanawake, moja la wanaume, na la wanawake liwe na pazia na mlango unaofungika. Nimeshaona dada zetu wamekaa na nguo mbichi saa nzima kwa sababu pa kubadilisha hapakuwapo, huku wanaume wamejifunga kikoi nyuma ya gari na mambo yamekwisha. Waambie pia mapema kwamba pamba haifai kukimbilia wakati huu. Inafyonza maji, inakuwa nzito, haikauki. Jezi ya mpira ya kawaida ni bora, na mtandio wa kitambaa chepesi ni bora kuliko wa pamba. Jaketi jepesi la upepo linapatikana mitumbani Wete na Chake kwa bei isiyoumiza. Asiye nalo, mpe kiroba cha unga kilichotobolewa matundu matatu, cha kichwa na mikono. Watamcheka mpaka upepo uanze. Mifuko ya plastiki msigawe. Zanzibar ni marufuku, na hata isingekuwa, itaishia kwenye mikoko.

Halafu chai. Hapa huwa sikubali mjadala. Majiko mawili ya mkaa, si moja, na mkaa uwe umelazwa ndani usiku. Mkaa uliopata umande utawapa moshi na lawama tu. Chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha, mihogo ya kuchemsha, tende, ndizi. Chupa mbili za chai ziende njia panda ya mbali zaidi, kwa sababu wasimamizi ndio wanaoumia na hakuna anayewauliza. Mwaka mmoja nilimfuata kijana wangu saa 3 hivi, amesimama chini ya mtondoo unaodondosha maji tangu alfajiri. "Hujambo baba?" "Sijambo, mwalimu." Amejibu vizuri, tena kwa tabasamu, lakini meno yanagongana na bendera ameifunga kwenye kiganja kwa uzi, vidole vimekataa kushika. Muda wa saa mbili unusu amesimama, na mimi ndiye niliyempanga. Siku hizi msimamizi hakai zaidi ya saa moja unusu, na hupewa kitu cha kukalia, shuka na mtu wa kuzungumza naye.

Wafundishe wasaidizi wako kumtambua mtu aliyeingiwa na baridi. Mwili wa kawaida una nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35 hilo si suala la chai tena. Kipimajoto hamtakuwa nacho njiani, kwa hiyo tazameni mikono: mwambieni afunge kamba za viatu. Akishindwa, au akijibu kama aliyelewa, au akitaka kukaa tu mumwache, mvueni nguo zilizolowa, mkausheni, mfunikeni mpaka kichwa, mpeni chai ikiwa yuko macho na anameza vizuri. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Na kama alikuwa anatetemeka kisha tetemeko limekoma huku bado ni wa baridi na amezubaa, msifurahi. Hapo mwili umechoka kupigana, na gari iondoke. Iwe na dereva aliyekaa kwenye usukani, anayejua kama anakwenda hospitali ya Wete au ya Micheweni. Gari lililokopeshwa kwenda kuchukua maji ya chupa si gari la wagonjwa.

Kinyume chake kipo pia. Ikifika saa 4 mawingu yakafunguka, jua la Pemba halijui kwamba ni kipupwe. Maji ya kunywa yawepo, ila msiwalazimishe watu kunywa kila kituo. Anayejijaza maji matupu bila chumvi naye anaweza kuanguka. Mihogo yenye chumvi inasaidia zaidi ya watu wanavyodhani.

Tarehe, sasa. Usiichague kwa kalenda ya ukutani peke yake, itazame na ya mwezi. Ikiwa njia yako inapita ufukweni, na ningekushauri ipite, maana kutoka kwenye kiza cha msitu ukatokea kwenye mchanga mweupe wa Vumawimbi ndiyo raha yenyewe, basi fuata bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kama saa 4 au saa 5 asubuhi, ufukwe unakuwa mpana na mchanga mgumu kama sakafu. Kujaa na kupwa kwa bamvua hupishana mita 4 hivi, si jambo dogo. Ukiweka mbio zako siku ya saba au ya nane tangu mwezi kuandama, saa kama hizo maji yamejaa, na watu wako watakimbia kwenye mchanga laini wa juu, mguu unazama, kifundo kinapinda. Mvuvi yeyote atakwambia haya bure. Mwulize.

Ijumaa usiiguse. Na msimu wa karafuu ukiwa umewaka, hesabu upya: vijana wako juu ya mikarafuu, akina mama wanachambua, na majamvi yameanikwa mpaka viwanja vya skuli. Mbio zinazopita juu ya karafuu za mtu hazitarudi mwaka wa pili.

Nenda kwa sheha kabla hujaenda kwa mtu mwingine yeyote. Nenda mwenyewe kwa miguu, usitume ujumbe wa simu. Baada ya sheha, nenda kwa watu wa Misitu, kwa sababu Ngezi ni hifadhi, ina lango, ina askari na taratibu za kuingia, na kundi la watu arobaini linalopita mbio si sawa na mgeni mmoja na kiongozi wake. Waonyeshe njia yako kwenye karatasi na ukubali wakikwambia hapa hapana. Spika za muziki ziacheni Konde. Popo wa Pemba hulala mchana juu ya miti, hawaishi mahala pengine duniani, na walikaribia kumalizwa kwa kuwindwa kabla watu wa vijijini hawajaanza kuwalinda. Kelele za mwanzo wa mbio hazina thamani ya kuwafumua. Na waulize wazee wa hapo kama njia inapita mahala panapoheshimiwa. Wakisema papo, unazunguka, hata kama ramani yako inaongezeka nusu kilomita. Wazee hao hao ndio watakaokwambia wapi maji hutuama baada ya mvua ya usiku, mizizi ipi huteleza, na kibanda kipi kina paa lisilovuja.

Alama za njia ziwe vitambaa, rangi moja, nyekundu au ya machungwa, vimefungwa usawa wa macho upande mmoja wa njia tangu mwanzo hadi mwisho. Kila njia panda fungeni vitatu pamoja kabla ya kona, na kimoja hatua thelathini baada ya kona, ili mtu ajue hakukosea. Vifungwe jioni ya kuamkia mbio, si siku mbili kabla. Tulijifunza hivyo baada ya watoto kuvikusanya vyote vya upande mmoja, wakavivaa vichwani kucheza harusi. Sikuwaudhikia, vilikuwa vizuri. Asubuhi ya mbio mtu wa kwetu atangulie njia nzima kabla ya wakimbiaji, na siyo kwa bodaboda, kwa miguu, kwa sababu bodaboda haioni anachokiona mtu aliyeinama akihema.

Julai jua linachomoza karibu saa 12 na nusu, na ndani ya msitu mwanga huchelewa zaidi. Saa 1 kamili ndiyo mapema ya kutosha kuanza. Kilomita 12 zinatosha. Ukiongeza, ongeza wasimamizi kwanza. Weka saa ya kufunga njia, itangaze kabla, na uisimamie hata kama anayechelewa ni shemeji yako. Nyuma ya wote atembee mtu tunayemwita mkia. Kazi yake ni moja: hampiti mtu yeyote. Mchagueni mzungumzaji, mwenye subira, asiyejali kufika wa mwisho. Abebe shuka, bandeji, chai na simu, ingawa simu chini ya miti msiitegemee. Mpite mapema mjaribu mtandao kwa laini zote mlizonazo, mwandike unapokatika.

Nimeliacha nyuma suala la hesabu ya watu, na ndilo lililowahi kuninyima usingizi. Sisi tuna ubao wenye misumari, na kila msumari una namba. Kwenye misumari tunatundika vifuniko vya soda vilivyogongwa bapa, vikatobolewa na kuandikwa namba kwa rangi. Unaondoka, unachukua kifuniko chako na kukifunga shingoni. Unarudi, unakitundika mwenyewe kwa mkono wako. Daftari pia lipo, lakini daftari huandikwa na mtu aliyechoka, akimwona jirani yake anakunywa chai anampigia tiki.

Ubao huo ulizaliwa mwaka ambao daftari lilituonyesha wote wamerudi, mpaka mama mmoja alipouliza kuhusu rafiki wa mwanawe, namba 17. Hakuna aliyekumbuka kumwona. Tulirudi msituni watu tisa, tukaita jina lake mpaka sauti zikakauka, manyunyu yanashuka, alasiri ikatupita. Kumbe kijana aliumwa na goti, akatokea kijijini Makangale, akapata bodaboda mpaka kwao Konde. Tulipobisha mlango mama yake alitoka na upawa mkononi. "Kalala, mwanangu, tangu saa 4. Kuna nini?"

Kwa hiyo waambie wote kabla ya kuanza, na waambie tena kwa kupaza sauti: kuacha njiani si aibu, ila kifuniko lazima kirudi. Apewe mkia, apewe msimamizi, apewe dereva wa bodaboda alete. Vyombo visioshwe, moto usizimwe, na wewe usibadilishe nguo, mpaka ubao uwe umejaa. Vitambaa mtavifungua kesho yake.