Somo: Kupiga chesisi ya lori rangi ya kuzuia kutu, kuanzia kuosha hadi mkono (tabaka) wa mwisho

Wakuu, wiki iliyopita tuliingiza gereji hapa Unga Limited tela lililopigwa rangi miezi minane tu iliyopita. Nilichomeka bisibisi pembeni ya chuma, rangi ikabanduka kipande kizima kama ganda la ndizi mbivu, na mgongoni imebeba unga mwekundu wa kutu. Rangi yenyewe ilikuwa nzuri, ya bei kubwa. Ilipakwa juu ya uchafu. Malori yetu ya Arusha na Moshi yanabeba mbolea na saruji kutoka Tanga, yanalala kwenye hewa ya chumvi bandarini, kisha yanapanda huku kwenye tope la masika na changarawe. Nimeona niandike ninavyofanya, maana inaniuma kuona mtu akilipa mara mbili.

Osha kabla ya kushika grenda. Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Ukianza kusugua chuma chenye grisi na chumvi, unavisukumia ndani ya vishimo vya kutu na humo havitoki tena. Tumia sabuni kali ya kuondoa mafuta, maji ya presha, kisha suuza kwa maji safi mengi, hasa ndani ya mikunjo ya chesisi na nyuma ya vishikio vya springi ambako tope la mbolea hujificha. Usimalizie kwa dizeli, inaacha utando. Kujua kama mafuta yamekwisha, mwagia chuma kikombe cha maji. Yakitandaa bila kukatika, endelea. Yakijikusanya matone kama kwenye jani la gimbi, rudi kwenye sabuni.

Toa kutu. Bora kuliko zote ni kupiga mchanga. Tunauita mchanga kwa mazoea, ila mchanga wa mto usiutumie kabisa: vumbi lake la silika hukaa kwenye mapafu na ugonjwa wake hauponi. Tafuta chembe za chuma au za garneti (jiwe gumu lililosagwa), na mpigaji avae kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba. Karatasi za maelekezo ya rangi hutaja kiwango cha usafi cha Sa 2½, yaani chuma kimerudi kijivu karibu chote, pamebaki vivuli vidogo tu. Kiwe pia na ukwaru wa mikroni 50 hadi 75 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ili rangi ipate pa kung'ang'ania. Asiye na mashine atumie nyundo ya kutindulia kutu na brashi ya waya, ila brashi ikizidi inang'arisha chuma badala ya kukikwaruza, kwa hiyo malizia kwa msasa mkali. Ukimaliza usikiache kilale. Kipige rangi siku hiyohiyo.

Sikiliza hali ya hewa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na asubuhi za Juni hadi Agosti chuma kinakuwa baridi kuliko hewa. Umande unakaa juu yake bila wewe kuuona. Kanuni ni chuma kiwe na joto walau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa hugeuka umande, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Huna vipimo? Pitisha kitambaa chenye maji kidogo. Alama ikikauka ndani ya dakika 15, anza kazi. Miezi hiyo mimi sipigi kabla ya saa nne asubuhi wala baada ya saa kumi jioni, hata mteja akinuna.

Mikono mitatu. Wa kwanza ni epoksi (rangi ngumu inayochanganywa na hadina) yenye zinki nyingi, mikroni 60 hadi 75. Zinki huliwa badala ya chuma, lakini ni pale tu inapogusa chuma kitupu. Ukiipaka juu ya rangi ya zamani, umetupa pesa. Koroga muda wote, kwani ni nzito na hutuama chini ya kopo. Kabla ya kila mkono chukua brashi upake kingo, weldi na matundu ya bolti, sababu rangi inapokauka hukimbia ncha kali, na kutu huanzia hapo. Mkono wa pili ni epoksi, mikroni 100 hadi 150. Wa tatu ni poliyurethani, rangi ya juu inayovumilia jua, mikroni 50 hadi 60, kwa kuwa epoksi ikipigwa na jua hugeuka unga juu.

Hadina, ile dawa ya kuifanya rangi iwe ngumu, pima kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, usikadirie kwa jicho. Muda wa mchanganyiko ukipita, mwaga, hata kama bado unamiminika, thina haiufufui. Na hadina ya poliyurethani ina kemikali ya isosianeti inayoleta pumu. Kitambaa usoni si kinga.

Pasipopakwa. Naomba hapa tusikilizane vizuri. Pale rimu inapokutana na habu, na pale nati zinapokalia, rangi nene haitakiwi. Lori likitembea inapondeka, nati zinalegea, tairi linachomoka barabarani. Funika pia ngoma za breki kwa ndani, mabomba ya upepo, bushi za mpira, chuchu za grisi na namba ya chesisi.

Maswali ya wanachama

*Dereva, Moshi:* Shikamoo fundi. Bosi anasema tupulizie oili chafu chini ya gari, inatosha. Ni kweli?

Marahaba. Inafukuza maji siku chache, kisha inashika vumbi na kuwa ugali mweusi unaotunza unyevu. Inavimbisha mpira wa bushi, na ikimwagika inaharibu ardhi. Na siku mkitaka kupiga rangi ya kweli, mtaosha mara tatu.

*Mama mwenye fuso mbili, Himo:* Bajeti yangu ni redoksaidi tu, ile rangi nyekundu ya kwanza. Niache?

Usiache, mama. Redoksaidi juu ya chuma kilichooshwa na kukwanguliwa vizuri inadumu kuliko epoksi juu ya kutu. Ila ifunike kwa rangi ya juu. Peke yake inanyonya maji. Pesa ikiwa kidogo, anzia kwenye krosi (vyuma vinavyokatiza chesisi) na vishikio vya springi.

*Msafirishaji, Mto wa Mbu:* Nabeba magadi kutoka upande wa Natron. Rangi inalainika kama sabuni.

Ndugu, ni sabuni kweli. Magadi ni alikali, na alikali ikikutana na rangi ya mafuta huigeuza sabuni polepole. Zinki nayo inaliwa, kwa hiyo isibaki wazi popote. Wewe piga epoksi mikono miwili juu ya zinki, na uoshe bodi kila baada ya kushusha, kabla unga haujapata unyevu.

*Fundi kijana, Njiro:* Epoksi yangu imekauka ila juu inanata kama nta. Nipige mkono wa pili?

Hapana, subiri. Ni baridi na unyevu wa usiku vimetoa utando juu. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, suuza, kausha, pitisha msasa mwepesi ndipo upige. Na kesho anza mapema mchana, ipate jua kabla ya usiku.