Namna ya Kutambua Siga Halisi za Kuba

Kabla ya kuitazama siga yenyewe, yaani ile sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, chunguza kwanza sanduku lake. Sanduku la Cohiba, chapa maarufu ya siga za Kuba, lenye kifuniko cha kioo, ambalo watalii huuziwa sana mitaani Havana na kwenye fukwe, ni la bandia bila mjadala, na hapo huna haja ya kuendelea.

Sanduku halisi hubandikwa upande wa kushoto hati ya kijani ya serikali ya Kuba, ambayo tangu 2010 ina hologramu na msimbo pau, na namba yake huweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya Habanos, kampuni inayouza siga za Kuba duniani. Ligeuze. Chini utakuta maneno "Hecho en Cuba" (imetengenezwa Kuba) na "Totalmente a mano" (kwa mkono kabisa) yaliyochomwa kwa moto hadi yakazama kwenye mbao, kiasi kwamba ukipitisha kidole unayahisi. Kando yake hupigwa muhuri wa wino wenye msimbo wa kiwanda, mwezi kwa kifupi cha Kihispania, na mwaka, kwa mfano "ENE 22", yaani Januari 2022.

Ukishalifungua, siga zote ziwe za rangi inayokaribiana, na pete zake za karatasi zikae kwa urefu mmoja. Iliyochanika waweza kuipasua: ndani kwa kawaida mnatakiwa kuwa na majani marefu, wala si vipande vilivyokatwakatwa. Bei ya kutupa, kwa maoni yangu, ni ushahidi tosha kwamba siga ni bandia.