Kupima mwendo wa boti Mwanza: kazi iko kwenye kurudi

Rekodi rasmi ya mwendo wa majini haipatikani kwa mbio moja. Boti hupita kilomita 1 iliyopimwa, hugeuka na kuipita tena kutoka upande wa pili ndani ya saa 1, kisha hutafutwa wastani. Ken Warby wa Australia alipata wastani wa kilomita 511 kwa saa tarehe 8 Oktoba 1978, kwenye bwawa la Blowering, kwa boti ya mbao aliyoiunda uani kwake. Neno uani ndilo linalowapa watu kichaa: fundi wa Kirumba, hapa Mwanza, naye ana uani.

Wanachosahau ni kurudi. Donald Campbell, Mwingereza aliyewinda rekodi hiyohiyo kwenye ziwa Coniston la Uingereza, 4 Januari 1967, alikwenda vizuri, akageuka bila kujaza mafuta. Boti, ikiwa imepungua uzito, ilikuwa imepita kilomita 480 kwa saa omo (sehemu ya mbele) ilipoinuka, hewa ikaingia chini, ikapiga kichwangomba. Mwendo ukiongezeka mara 2, hewa inayoinua omo huongezeka mara 4.

Boti yenye mashine ya nguvu za farasi 40 haitapaa hivyo, lakini ipime kwa kwenda na kurudi vilevile, maana upepo unaokusukuma ukienda utakupinga ukirudi. Sekunde 48 kwa kilomita 1 ni kilomita 75 kwa saa. Sekunde 50 ni 72. Mwendo wako ni 73.5, si 75.

Tafuta kilomita 3 zilizonyooka: moja ya kuongeza mwendo, moja ya kupima, moja ya kupunguza. Usikaribie njia ya kivuko cha Kamanga wala miamba ya kisiwa cha Saanane, kwani mwamba uliofunikwa na sentimita 20 za maji hauonekani. Pita kwanza taratibu mstari wote ukitafuta nyavu za makila, kamba za madumu na magugumaji. Henry Segrave, Mwingereza mwingine wa mbio hizi, alikufa kwenye ziwa Windermere mwaka 1930, na inaaminika boti yake iligonga gogo tu.

Muda mzuri ni saa 12:30 hadi saa 2:00 asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Siku za mbalamwezi ni bora zaidi: wavuvi wa dagaa wengi wamepumzika, hivyo huna mitumbwi inayorudi mwaloni.

Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mguuni, jaketi okozi livaliwe na kufungwa. Boti ya uokoaji isimame pembeni, katikati ya mstari. Ikizungukazunguka itakutengenezea mawimbi.

Pini inayopanga pembe ya mashine isogeze tundu moja kwa kila jaribio. Mashine ikikaa karibu mno na tezi (sehemu ya nyuma ya boti), omo huchimba maji na boti hukata kona ghafla. Ikiwa mbali mno, omo hudundadunda. Hapo punguza mafuta kidogo, usiongeze ukitumaini itatulia. Wala usikate mafuta yote kwa mkupuo: wimbi lako mwenyewe litakufuata na kumwagika ndani kupitia tezi.

Sasa propela, ambayo wengi huinunua kwa kuiga wa Dar es Salaam. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na mashine isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu. Propela inayofaa pwani hapa inaielemea: kitabu cha mashine kinataka mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika, wewe unaishia 4,700. Chukua propela yenye hatua (umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja) pungufu kwa inchi 2; namba yake imechongwa kwenye kitovu. Kila inchi hurudisha mizunguko 150 hadi 200. Boti yenye propela ya hatua ndogo namna hiyo mara nyingi hukimbia zaidi.

Baada ya mbio ya kwanza, simama. Jaza mafuta yafikie kiasi kilekile, ngoja maji yalale. Saa nzima unayo. Tofauti kati ya kwenda na kurudi ikizidi kilomita 8 kwa saa, upepo umeshaamka: futa vipimo, rudi kesho.