Somo: Pumzi inaingiaje, na nani anaiamuru?

Mapafu hayavuti hewa. Hayana msuli wa kufanya kazi hiyo, hutanuliwa tu. Keti, tulia, tufuatane.

Hatua ya 1. Weka kiganja kimoja kifuani, kingine juu ya kitovu, uvute pumzi polepole. Kile cha tumboni kinasukumwa mbele kwa sababu kiwambo, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, kimejikaza kikashuka na kukandamiza vilivyo chini yake. Misuli ya kati ya mbavu nayo imeziinua mbavu. Kifua kikipanuka, mgandamizo wa hewa ndani hushuka kidogo kuliko wa nje, basi hewa inaingia yenyewe.

Hatua ya 2. Achia. Hukutumia nguvu, sivyo? Kiwambo kimelegea na mapafu yamenywea kama mpira ulioachiwa. Misuli ya tumbo huitwa kazini ukikohoa, ukipuliza au ukikimbia.

Hatua ya 3. Mwenzio akuhesabie pumzi kwa sekunde 60 bila kukuambia, maana ukijua unahesabiwa, mwendo hubadilika. Mtu mzima aliyetulia hupata 12 hadi 20. Kila pumzi ni kama mililita 500, ila 150 hivi huishia njiani, puani na kwenye mabomba, zisifike kwenye vifuko vya hewa ambako oksijeni huingia damuni. Sasa piga hesabu: pumzi 16 za mililita 500 ni lita 8, na zinazofika ni lita 5.6. Pumzi 40 za mililita 200 nazo ni lita 8, lakini zinazofika ni lita 2 tu! Ndiyo maana mgonjwa anayehema mbiombio na kijuujuu anaweza kuwa anakosa hewa.

Hatua ya 4. (Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, na mjamzito, airuke.) Toa pumzi kawaida, ibane, uachie mara tu hamu ya kuvuta inapokujia. Kilichokusukuma si upungufu wa oksijeni, ni hewa ya ukaa iliyorundikana. Hupenya hadi kwenye majimaji ya ubongo na kuyaongezea asidi. Vihisi vya shina la ubongo vinang'amua, na amri inateremka kwa neva hadi kwenye kiwambo. Vihisi vya oksijeni vipo shingoni, mshipa mkuu unapogawanyika, lakini huchachamaa oksijeni ikishapungua sana.

MASWALI

Mkuu, nikihema harakaharaka kabla ya kupiga mbizi si nitakaa chini zaidi?
Utakaa, na huenda usirudi. Damu yako tayari imejaa oksijeni kwa asilimia 95 au zaidi, kwa hiyo huongezi cha maana. Unachofanya ni kufukuza hewa ya ukaa, yaani kuzima kengele. Oksijeni inaisha kabla hamu ya kuvuta haijaja, unazimia majini. Usijaribu.

Kwikwi je?
Kiwambo kinashtuka ghafla, halafu zoloto, kisanduku cha sauti kooni, inajifunga. Huo mlio ni wa kujifunga.

Kwa nini aliyevunjika shingo wakati mwingine hukata pumzi palepale?
Neva za kiwambo hutoka kwenye uti wa mgongo, usawa wa pingili ya 3 hadi ya 5 za shingo. Uti ukikatika juu ya hapo, amri haifiki. Ukikatika chini yake, kiwambo huendelea, ila misuli ya mbavu na tumbo imelala, kwa hiyo kukohoa makohozi yatoke ni shida.