Kutembea chini ya bahari kwa helmeti: maandalizi ya mgeni wa Karibi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumwandaa shemeji yangu, ambaye hajui kuogelea, kwa ajili ya likizo yake ya Aruba. Maswali aliyoniuliza ni yale yale ninayoulizwa na karibu kila mgeni ninayemshusha majini kwa mara ya kwanza. Unamhusu mtu anayetaka kutembea juu ya mchanga wa bahari akiwa amevaa helmeti, yaani ile kofia kubwa yenye kioo mbele, iliyo wazi chini, inayoletewa hewa kwa mpira kutoka juu. Mambo ya malipo, makabati na viatu vya maji mtaelekezwa palepale, kwa hiyo siyagusi. Nitakaa zaidi kwenye masikio, kwa sababu wengi wanaorudi juu kabla ya kuona samaki hata mmoja hawakushindwa na woga, walishindwa na masikio.

Hatua ya 1: Chagua kisiwa, kisha chagua upande wa kisiwa

Mtu aliyezoea pwani ya Zanzibar au Mombasa huanza kwa kuuliza maji yanajaa saa ngapi. Karibi swali hilo halina uzito mkubwa, kwa kuwa katika sehemu nyingi tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki hata nusu mita, ilhali kwetu wakati wa bamvua inaweza kukaribia mita 4. Kinachotawala huko ni upepo, ambao huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima na kwa kawaida huongezeka nguvu jua linapopanda. Pwani ya kaskazini na mashariki ya Aruba hupigwa mawimbi makali, wakati upande wa magharibi na sehemu kubwa ya kusini maji hutulia. De Palm Island, kisiwa kidogo kilicho karibu na pwani ya kusini ya Aruba, ni mahali pazuri pa kuanzia: kuna njia iliyojengwa chini ya maji yenye vyuma vya kushikia, na pono wa bluu huja karibu sana na watu. Weka nafasi ya asubuhi, hata kama ya mchana ina punguzo.

Msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kuisha tarehe 30 Novemba. Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini kabisa, karibu na Venezuela, na mara nyingi vimbunga hupita kaskazini yake. Anayepata likizo mwezi wa Septemba afikirie visiwa hivyo kwanza.

Hatua ya 2: Jaza fomu ya afya kwa ukweli

Pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa, ujauzito na upasuaji wa sikio au wa mapafu ni mambo ya kuzungumza na daktari kabla ya kukata tiketi. Ukiyaficha ukiwa gatini, umemficha mtu pekee anayeweza kukusaidia chini ya maji. Kwa watoto, waendeshaji wengi huanzia miaka 8.

Ukiwa na mafua, ahirisha. Dawa ya kuzibua pua si njia ya mkato, kwa kuwa inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, na hapo hewa iliyoingia sikioni ikashindwa kutoka wakati wa kupanda. Vizibo vya masikio navyo viache hotelini, kwa maana hufungia hewa kati ya kizibo na kiwambo cha sikio, na hewa hiyo huwezi kuisawazisha kwa namna yoyote.

Hatua ya 3: Mafuta ya ngozi

Aruba na Bonaire zimepiga marufuku mafuta ya kukinga jua yenye oksibenzoni, kwa sababu ya madhara yake kwa matumbawe. Nunua yale ya madini yenye zinki, au, kama mimi, vaa fulana ya mikono mirefu ya kuogelea na uachane na mafuta ya mgongoni kabisa.

Hatua ya 4: Itazame mashine ya hewa kabla hujaitwa jina

Hewa ya helmeti hutoka ama kwenye mitungi mikubwa ama kwenye kompresa iliyo juu ya boti au gati. Kama ni kompresa, tazama inavuta hewa kutoka wapi na moshi wa injini ya boti au jenereta unaelekea wapi. Mdomo wa kuvutia hewa ukiwa upande ambao upepo unapeleka moshi, usishuke, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na athari yake huzidi chini ya shinikizo. Uliza pia kuna mtungi gani wa akiba iwapo kompresa itazimika. Mtu anayeijua kazi yake atakuonyesha kwa kidole bila kunung'unika. Akikasirika, tafuta mwingine.

Hatua ya 5: Ngazi

Hapa ndipo penye kazi yote, na maelezo yanayotolewa gatini huwa ni sentensi mbili tu.

Utashuka ngazi ya chuma ukiwa umeigeukia, mpaka maji yafike mabegani, na hapo ndipo utavishwa helmeti. Nchi kavu kifaa hicho huwa na zaidi ya kilo 30, na kwa sekunde chache utausikia uzito wake mabegani. Kinapozama, maji hukibeba na uzito unaobaki ni mdogo sana. Nimeona mara nyingi kwamba mgeni akishausikia mzigo huo hukimbilia chini ili apate nafuu. Anashuka vidato vitatu au vinne kwa mkupuo, katika sehemu ile ile ambayo masikio yanahitaji muda kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari. Vumilia uzito. Shuka kidato kimoja tu, maji yafunike kioo, kisha simama.

Sababu ya kusimama ni hii. Juu ya maji tunabeba shinikizo la angahewa moja, na kila mita 10 za maji huongeza jingine la kiasi hicho. Matembezi haya kwa kawaida hayazidi mita 8. Ukifika mita 3, hewa iliyo ndani ya sikio la kati, kama hujaongeza nyingine, hubanwa kwa karibu robo ya ujazo wake. Kutoka mita 3 hadi 6 hubanwa tena, lakini kwa kiasi kidogo kuliko mwanzo. Maana yake ni kwamba mita tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi kwa sikio, wala si zile za mwisho kama watu wanavyodhani.

Hewa ya kuongeza hupitia mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua hadi sikio la kati. Mrija huo kwa kawaida umejifunga, na shinikizo la nje likizidi, hukazana kama mlango unaofunguka kwa ndani wakati umati umeuegemea kutoka ndani. Hilo linaweza kutokea kabla hata hujafika mita 2. Ndiyo maana unazibua masikio kabla hayajauma. Anayesubiri maumivu ndipo aanze kuzibua, ameshachelewa.

Kuzibua kwenyewe kunafanyika hivi: ingiza mkono mmoja chini ya ukingo wa helmeti, upandishe hadi usoni, bana pua kwa vidole viwili, funga mdomo, kisha sukuma hewa puani polepole mpaka usikie mlio mdogo masikioni mwote mawili. Mkono mwingine usiachie ngazi. Maji hayataingia ndani kwa sababu ya mkono wako, kwa kuwa hewa inayoshuka kwenye mpira inayazuia yabaki chini ya kidevu. Usisukume kwa zaidi ya sekunde chache, na usisukume kwa nguvu za kupuliza puto. Nguvu zikizidi zinaweza kuumiza sikio la ndani, na mtu akatoka majini na kizunguzungu na mlio usiokoma. Njia hii isipokubali, bana pua kisha meza mate, au chezesha taya kushoto na kulia, au nyoosha shingo upande wa sikio lililogoma.

Lipo jambo moja ambalo limewaokoa wageni wangu wengi kuliko mbinu zote hizo: usitazame miguu. Kila anayeshuka ngazi hutaka kuona kidato kinachofuata, na akiinamisha kidevu koo hujibana na mirija hugoma kufunguka. Vidato vitafute kwa nyayo, na macho yabaki mbele au juu kidogo.

Baada ya hapo utaratibu ni kidato, simama, zibua. Kidato, simama, zibua. Sikio moja likifunguka na jingine likagoma, lisubiri lile zito. Ukihisi kubanwa, usiendelee kusukuma papo hapo, panda kidato kimoja au viwili mpaka hali itulie, kisha jaribu tena ukiwa hapo juu. Ukishindwa mara tatu au nne, toka. Sikio halilazimishwi, na hakuna samaki wa thamani ya kiwambo cha sikio.

Kundi huwa na watu kadhaa, na mwongozaji hutaka wote wafike chini kwa wakati. Omba uwe wa mwisho kushuka. Wengine hupenda kwenda wa kwanza ili woga uishe haraka, lakini wa mwisho hana mtu anayemkanyaga kichwani wala anayemharakisha kutoka nyuma, na kwa mwenye masikio mazito hilo ni bora kuliko yote.

Anza mazoezi ya kuzibua nyumbani, siku kadhaa kabla ya safari, ukiwa umesimama wima mbele ya kioo cha bafuni. Asiyeweza kuzibua masikio kwa upole sebuleni hataweza kufanya hivyo ngazini.

Hatua ya 6: Ukiwa chini

Pumua kama kawaida na usizuie pumzi hata kidogo, hasa unapopanda, kwa sababu hewa iliyomo mapafuni hutanuka kadiri shinikizo linavyopungua na inaweza kuyachana mapafu hata katika kina kifupi. Kaa wima. Ukitaka kuona kitu mchangani, piga magoti badala ya kuinama, kwa maana ukiinama hewa humwagika na maji hupanda usoni. Usipoinama, miwani yako ya macho na nywele zako za kusuka vitatoka vikavu.

Mlio wa hewa ndani ya helmeti ni mkubwa kiasi kwamba hakuna atakayekusikia, kwa hiyo ishara za mkono zifanyie mazoezi nchi kavu. Ya muhimu kupita zote ni dole gumba lililoinuliwa, ambalo chini ya maji humaanisha «nataka kupanda». Mgeni anayefurahi akainua dole gumba kusifia samaki atashangaa anarudishwa ngazini. Kusema kwamba mambo ni safi, unganisha ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada zifanye duara. Kama kuna tatizo, yumbisha kiganja, kisha onyesha mahali penye shida.

Kamera iache juu. Wapiga picha wapo, na mkono mmoja unauhitaji kwa chuma cha kushikia na mwingine kwa pua.

Hatua ya 7: Yanayofuata, au mbadala wake

Masikio yakikubali, hatua yangu inayofuata ni mbizi ya majaribio ya mtungi pamoja na mkufunzi. Chini ya utaratibu wa PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, inaruhusiwa kuanzia miaka 10, na kina hakizidi mita 12. Sisitiza kuanzia kwenye maji unayoweza kusimama. Snuba, ambayo mtungi wake huelea juu ya boya na wewe kupumua kwa mpira ulio mdomoni, siipendekezi kama bajeti inatosha jambo moja tu, kwa sababu haikupi utulivu wa helmeti wala uhuru wa mtungi.

Anayependelea kuelea juu kwa miwani ya maji na mrija anaweza kuiona Antilla, meli ya mizigo ya Ujerumani iliyozamishwa kusudi na mabaharia wake pwani ya Aruba mwezi Mei 1940. Sehemu zake za juu ziko karibu na uso wa maji. Grenada nako, Molinere, kuna sanamu zilizozamishwa kuanzia mwaka 2006, likiwemo duara la watoto walioshikana mikono. Epuka tu ile miwani mipya inayofunika uso mzima, kwa kuwa nyingi hazikuruhusu kubana pua na hewa chafu inaweza kurundikana ndani yake.

Ambaye masikio yamegoma kabisa asijione amepoteza safari. Kwenye fungu la mchanga la Stingray City, Grand Cayman, maji hufika kiunoni na taa, wale samaki bapa wenye mkia wa mwiba, huja miguuni wenyewe, kwa vile wavuvi walizoea kusafishia samaki eneo hilo. Buruta nyayo mchangani usimkanyage mmoja. Zipo pia nyambizi za watalii huko Barbados na Grand Cayman, ambazo hushuka hadi kama mita 30 huku shinikizo la ndani likibaki lile la juu ya maji, kwa hiyo sikio halihisi chochote.

Hatua ya 8: Baada ya kutoka

Sikio likisikika limeziba kwa saa chache, usilichokoe kwa pamba. Ukiona damu, ukishikwa na kizunguzungu au usikivu ukipungua, nenda kwa daktari siku hiyohiyo na usishuke tena majini wala usipande ndege kabla hajakuruhusu. Hata ukiwa mzima, baada ya mbizi moja subiri saa 12 kabla ya kuruka, na saa 18 kama umezamia zaidi ya mara moja au siku kadhaa mfululizo. Matembezi ya helmeti ni ya kina kifupi, lakini wageni wangu nawapa kipimo hicho hicho, na kwa hiyo siku ya bahari nawaambia waiweke mwanzoni mwa likizo, kamwe isiwe asubuhi ya kurudi nyumbani.