Kabla Hujasimama Kutoa Ushuhuda: Namna ya Kulinda Kinywa Dhidi ya Majivuno

Katika ushirika wetu nimepewa kazi ya kusikiliza shuhuda kabla hazijatolewa mbele ya kanisa. Aliyeponywa, aliyepata kazi, aliyepatana na ndugu yake, huja kwanza tukaomba pamoja, kisha ananisimulia. Kazi hii imenionyesha jambo ambalo nataka kila mwamini alijue: majivuno ya mtu aliyeokoka ni nadra kutoka wazi wazi. Hutanguliwa na "namshukuru Mungu".

Soma Luka 18 taratibu. Katika mfano wa Yesu, dua ya yule Farisayo, mtu aliyeshika sana dini, ilianza na "Ee Mungu, nakushukuru", kwa kuwa yeye si kama watu wengine. Alifunga mara mbili kwa juma, akatoa zaka katika mapato yake yote, na Yesu hakusema kwamba alidanganya. Lakini aliyeshuka nyumbani amehesabiwa haki ni mtoza ushuru aliyesimama mbali. Kwa hiyo, ukitaka kupima maneno yako, usiishie kuuliza kama ni ya kweli. Uliza pia yanamwinua nani, na ili kumwinua huyo yanamkanyaga nani.

Mtu akija kwangu namwambia asimulie yote bila kukatizwa, nami nasikiliza ni nani anayetenda. Mara nyingi ni hivi: nilifunga, nilikesha, nilikemea, sikukata tamaa, wengine waliondoka mimi nikabaki, halafu mwishoni kabisa, Mungu akajibu. Hapo namwomba aanze upya, safari hii aanzie pale alipokuwa hana la kufanya. Simulizi hubadilika. Wanarudi watu waliokuwa wamesahaulika: jirani aliyekuja kumwombea, mwenzake aliyemtunza, tabibu aliyemhudumia. Jaribu mwenyewe kwa sauti ukiwa chumbani. Kisha ondoa sentensi yoyote inayokulinganisha na mwingine, hasa ile ya "wengine wangekuwa wamerudi nyuma". Hiyo ni sentensi ya Farisayo, hata ukiisema kwa machozi.

Kama jambo ni kubwa sana, ngoja. Mtume Paulo alipewa mafunuo ya kunyakuliwa mpaka mbingu ya tatu, na alipoandika habari hiyo katika 2 Wakorintho 12 ilikuwa imepita miaka 14. Hata wakati huo aliandika kana kwamba ni habari za mtu mwingine: "Namjua mtu mmoja katika Kristo." Udhaifu wake, ule mwiba katika mwili, ndio aliousema kuwa ni wake mwenyewe. Mimi huwashauri wanaotaka kusimulia ndoto na maono yao wakae na sura hiyo kwanza.

Kusifiwa nako kuna mtego wake. Wengi hudhani kunyamaza kunatosha, lakini mfalme Herode katika Matendo 12 alinyamaza. Watu walipiga kelele kwamba sauti yake ni ya mungu, si ya mwanadamu, naye akaupokea utukufu huo bila neno. Malaika wa Bwana akampiga. Lakini mtume Petro, yule akida Kornelio alipomwangukia miguuni, alimwinua papo hapo akamwambia kwamba yeye naye ni mwanadamu. Basi ukisifiwa, sema asante, mtaje kwa jina aliyefanya kazi pamoja nawe, kisha uhamishe mazungumzo. Usirefushe. Na tafadhali usijishushe kwa maneno ya "mimi si kitu, mimi sijui hata kuomba" ukingoja watu wakukatalie. Hayo ni majivuno yaliyokaa mkao wa kuomba sifa, na wasikilizaji huchoka nayo upesi kuliko unavyodhani.

Katika maombi ya hadhara shika jambo moja: maombi yasiwe barua kwa wanaokusikia. Ukiomba "Bwana, wasaidie wanaochelewa ibadani" huku mchelewaji amekaa nyuma yako, umemsema mwenzako kwa kupitia mgongo wa Mungu.

Mipango pia huonyesha moyo. Yakobo 4 anawakemea waliosema leo au kesho tutaingia mji fulani, tukae mwaka mzima, tufanye biashara na kupata faida. Anawafundisha kusema "Bwana akipenda". Lakini usiyabandike maneno hayo mwishoni kwa mazoea. Acha nafasi ya kweli: mtu akikuuliza itakuwaje mpango ukikwama, uweze kumjibu bila kukasirika.

Mahali ambapo ulinzi huvunjika kabisa ni kwenye ugomvi, na hapa naomba usome kwa makini zaidi. Mtu mpole wa kanisani akikasirika nyumbani huanza masimango. "Nani alikulipia ada? Ulipokuwa huna pa kulala ulilala kwa nani?" Wema uliofanywa kwa jina la Kristo sasa unadaiwa na riba. Nimeona undugu ukivunjika kwa sababu ya sentensi moja ya namna hiyo, wakati chanzo cha ugomvi kilikuwa kidogo mno. Jizoeze kuitambua inapokuja: ukijisikia unataka kuanza na "mimi ndiye niliye...", funga mdomo hapo hapo. Omba muda, toka nje kama inabidi. Kisha jiulize swali la 1 Wakorintho 4:7: nawe una nini usichokipokea? Ile ada uliyolipa, nawe ulipewa.

Yote haya hayawezekani kwa kujikaza tu, kwa maana Yesu alisema kinywa cha mtu huyanena yaujazayo moyo wake. Ndiyo sababu Daudi katika Zaburi 141 hakuahidi kujilinda mwenyewe, aliomba: "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu, mngojezi mlangoni pa midomo yangu." Omba ombi hilo kabla ya tukio unalolijua: kabla ya kikao cha ukoo, kabla ya kuonana na yule anayekuudhi, kabla ya kushika kipaza sauti. Litaje tukio lenyewe. Ombi la jumla husahaulika asubuhi hiyo hiyo.

Na neno likishatoka? Usilifunike kwa matendo mema wala kusubiri lisahaulike. Mwendee uliyemwambia, na kama ulilisema mbele za watu, lirekebishe mbele za watu hao hao. Litaje lilivyokuwa: "Nilikusimanga mbele ya wanao, nimekosa, naomba unisamehe." Usieleze ulikuwa umechoka kiasi gani wala yeye alianza vipi. Akikujibu kwa ukali, mwache aseme mpaka amalize, na usiongeze "lakini".