Mpigie daktari wa zamu ukiwa na namba mkononi

Usiku mmoja, nikiwa muuguzi wa zamu wodi ya upasuaji, nilimpigia daktari wa zamu nikamwambia, "Samahani daktari kwa kukusumbua, yule mama wa kitanda cha tano simwoni vizuri." Akanijibu, "Endelea kumwangalia." Nikaendelea. Wakati napiga simu mapigo ya moyo yalikuwa 104. Dakika arobaini baadaye yalifika 132, presha imeshuka hadi 84 kwa 50, mikono ya baridi, na bandeji ya tumbo ilikuwa kavu kabisa kwa sababu damu ilikuwa ikivujia ndani. Simu ya pili nilitaja namba tu. Daktari alikuja mbio. Mama akarudishwa chumba cha upasuaji, akaongezewa damu, akapona.

Zile dakika arobaini sijazisahau. Daktari hakuwa mtu mbaya, nami nilikuwa macho kando ya kitanda muda wote. Tatizo lilikuwa sentensi yangu ya kwanza. "Simwoni vizuri" yaweza kuwa mgonjwa anayekata roho, yaweza pia kuwa mgonjwa aliyekosa usingizi. Mtu aliyeamshwa usiku wa manane atajuaje ni lipi? Tangu hapo kila muuguzi mpya anayeletwa kwangu namfundisha kupiga simu kabla sijamfundisha mengine.

Kwanza, pima mwenyewe, na upime sasa hivi. Usibebe namba za saa mbili zilizopita. Chukua presha, mapigo ya moyo, joto, oksijeni, na kupumua. Kwenye kupumua nitakaa kidogo, maana ndiko tunakodanganyana. Fungua chati yoyote uone ilivyojaa 18, 20, 18, 20, siku nzima. Ni makisio. Tazama kifua, saa ikiwa mkononi, hesabu dakika nzima bila kumwambia mgonjwa unachofanya, kwa sababu akijua atabadilisha pumzi. Mara nyingi namba hii hupanda wakati presha bado inaonekana nzuri. Nchini Uingereza, Chuo cha Kifalme cha Madaktari kilitoa mwaka 2012 utaratibu wa kuzipa dalili alama: kupumua mara 25 au zaidi kwa dakika kunapata 3, alama ya juu kabisa kwa kipimo kimoja, na jumla ya 7 au zaidi ni dharura. Yule mama wa kitanda cha tano, wakati wa simu ya pili, angepata 6 kwa presha na mapigo peke yake.

Andika namba hizo kwenye karatasi, chukua faili na chati ya dawa, ndipo ushike simu. Sema kwa mpangilio huu, ambao hospitali ziliurithi kutoka nyambizi za jeshi la majini la Marekani: kinachotokea sasa, historia fupi, unachokifikiria, unachoomba. Mimi leo ningesema hivi:

"Daktari, ni muuguzi wa zamu wodi ya upasuaji. Nakupigia kuhusu mama wa kitanda cha tano, presha 92 kwa 58, mapigo 104, anapumua mara 26. Alifanyiwa upasuaji wa tumbo saa kumi na mbili jioni, saa mbili usiku mapigo yalikuwa 86. Nafikiri anavuja damu ndani. Naomba uje umwone sasa hivi. Nianze nini wakati nakusubiri?"

Isome kwa sauti, haifiki dakika moja. Wengi wetu tunakwama kwenye sehemu mbili za mwisho. Tumelelewa kuamini kwamba kufikiri ni kazi ya daktari, kwa hiyo tunamaliza na "sijui unaonaje." Wewe ndiye uliyeshika mkono wa mgonjwa. Sema unachofikiri, hata kama utakosea, kisha omba kitu kinachoeleweka, na uulize atafika saa ngapi.

Na akikataa? Panda ngazi kwa maneno, taratibu, bila kuinua sauti. "Daktari, nina wasiwasi." Asiposikia: "Siko radhi kumwacha hivi." Asiposikia tena: "Huu ni usalama wa mgonjwa, nampigia daktari bingwa." Kisha mpigie kweli, na umwambie msimamizi wa zamu. Ukishasema mara mbili bila kusikilizwa, usibaki na jambo hilo peke yako.

Mwaka 2005, huko Uingereza, Elaine Bromiley aliingia kufanyiwa upasuaji mdogo wa kawaida, njia ya hewa ikagoma alipolazwa usingizi. Madaktari waliendelea kujaribu kuingiza mpira wa kupitisha hewa kooni. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo akasema viko tayari. Havikutumika, na Elaine alifariki siku kadhaa baadaye. Mume wake, Martin, alikuwa rubani, na tangu hapo amekuwa akihimiza watu wa hospitali wajifunze kusemezana kama wanavyofunzwa marubani. Nikimfikiria yule muuguzi moyo unauma. Alijua. Alikosa maneno ambayo chumba kizima kilikuwa kimekubaliana kwamba, yakitamkwa, kila mtu anasimama. Kwa hiyo kubalianeni juu ya maneno hayo mapema, wodini kwenu, mchana, mkiwa mmetulia.

Maagizo ya dawa kwa simu: andika, soma ulichoandika, ngoja usikie "ndiyo." Lugha yetu ina mitego yake. "Tatu" na "tano" kwenye simu yenye mikwaruzo ni neno moja, na "kumi na sita" husikika "sitini." Taja tarakimu moja moja: "Moja, sita. Miligramu kumi na sita." Kwenye kuandika, 1.0 husomwa 10, basi andika 1. Na .5 husomwa 5, basi andika 0.5.

Kwa nyinyi mnaopigiwa simu, na wasimamizi wa wodi: muuguzi mchanga akikuita ukakuta mgonjwa ni mzima, neno lako la kwanza liwe "asante kwa kuniita." Ukimfokea leo, kesho atasubiri dakika arobaini zake. Mimi wakati wa kukabidhiana zamu humuuliza kila mmoja kwa jina lake, nikianza na aliye mdogo kazini, "Nani anakutia wasiwasi usiku huu?" Nikianza na wakongwe, wadogo hukubaliana nao tu.

Mwisho ni faili. Usiku ule niliandika mstari mmoja: "Daktari ametaarifiwa." Hausemi saa, wala nilichosema, wala nilichojibiwa. Aliyeingia asubuhi hakuweza kuokota chochote hapo. Ulipaswa kuwa hivi: "Saa 8:10 usiku, mapigo 104, ngozi imepauka, nimempigia daktari wa zamu nimemwambia simwoni vizuri, amesema niendelee kumwangalia. Nitapima tena saa 8:20."